Kabla Misonobari Haijapita Ukuta

4 Februari

Shemeji,

Salamu kwanza, maana dada yako alinifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni hati ya kukamatwa. Mimi mzima. Duka lipo. Paa la jikoni halivuji tena. Haya, salamu zimeisha, sasa tuje kwenye shida.

Miti ya dada yako inakufa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Kwanza, huko msituni kwenu mtandao ni wa kubahatisha, na kila tukiongea tunaishia kuitana "haloo, haloo" kama watu waliotumbukia kwenye visima viwili tofauti. Pili, nataka jambo hili ulisome mara mbili, kisha unijibu kama Bibi Miti, mtaalamu wa misitu, sio kama shemeji anayenionea huruma.

Ni hivi. Ile misonobari sita uliyomletea dada yako kwenye mifuko, mwaka ule alioanza kuugua, ilikuwa inakwenda vizuri. Mingine inanifika kifuani, na ule wa pembeni umebakiza shibiri mbili tu kufika juu ya ukuta. Lakini tangu mwezi wa kumi na moja naiona imefifia. Yote sita imeingia manjano, manjano ya karatasi ya zamani. Na ina wadudu. Ni weusi, wadogo kama punje ya mchele, wana miguu sita na haraka ya karani anayetaka kufunga ofisi. Wanapanda na kushuka matawini mchana kutwa.

Unakumbuka alivyosema. Wewe ulikuwa umekaa upande wa miguu, mimi upande wa kichwa. Hakutaka kaburi la vigae wala nini. Alisema, "Miti yangu ifikisheni juu ya ukuta tu. Ikishaona barabara itajitunza yenyewe." Mimi ndiye niliyeitikia, kwa sababu wewe ulikuwa unalia. Kwa hiyo ahadi ni yangu, na sitaki kuja kumwambia nilishindwa na mdudu.

Vitu vyake vingine sijavigusa. Hata ndoo yake ya bluu iko palepale nyuma ya mlango wa uani, na vile vitambaa vyake viwili vya kufutia vumbi vimekunjwa ndani yake. Jirani yangu, yule fundi cherehani, anasema nimeigeuza nyumba kuwa makumbusho, kilichobaki ni kukata tiketi. Aseme tu. Lakini miti sio kitu cha kuacha palepale, inataka mtu.

Niambie la kufanya. Na samahani kwa mwandiko, kalamu hii ni mbovu, haikubali herufi ndogo.

Shemeji yako,
Fundi Saa


13 Februari

Shemeji yangu, mtawala wa majira,

Barua yako ya maneno ya ukurasa mmoja imefika ikiwa na kurasa nne. Wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia dada barua nzima ya mapenzi nyuma ya kadi ya dhamana ya saa, mpaka akaazima lenzi yako ili asome unavyompenda. Leo unaniandikia herufi za bango la duka. Nunua kalamu.

Sasa twende kazini. Mdudu unayemwona sio lazima awe ndiye mwizi. Msonobari mchanga ukidhoofika, kwanza tunauliza umedhoofika vipi. Manjano yameanzia kwenye sindano za ndani, zile kuukuu, au kwenye ncha? Miti yote sita iko sawasawa, au kuna iliyozidi? Halafu tazama pale sindano zinapotokea kwenye kijiti, na kwenye machipukizi mapya. Je, kuna kitu cheupe kama vipande vya pamba? Tazama vizuri, huwa ni kidogo sana. Ile pamba ndiyo shuka la vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na chini ya shuka hawatembei. Pitisha mkono kwenye matawi, kama unanata niambie.

Hayo ningemwuliza mtu mwingine mara tatu. Wewe nakuuliza mara moja, kwa sababu jicho lililokuwa linaokota skrubu isiyoonekana kwenye zulia halinihitaji mimi kulisimamia.

Nitumie pia vijiti viwili kutoka kila mti, vifungwe mbalimbali na kuandikwa namba, na wadudu ndani ya kichupa chenye spiriti kidogo. Kifurushi huchelewa kuliko barua, kwa hiyo nijibu maswali kwanza.

Kuja mwenyewe siwezi kwa sasa, kazi imenibana.

Shemeji yako,
Bibi Miti


20 Februari

Shemeji,

Majibu yako haya hapa. Manjano yako kila mahali, juu hadi chini, ndani hadi ncha. Miti yote sita ni sare, kama wanafunzi wa shule moja. Pamba hakuna. Nimesimama mbele ya kila mti na kuutazama, na ingekuwepo ningeiona. Kunata, nilipitisha mkono kwenye ule wa karibu na mlango, haunati.

Wadudu usiwe na wasiwasi nao, nawashughulikia. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka natoka na koleo yangu ndogo, ile ya kushikia vipuri vya saa, na bakuli la maji ya sabuni. Namkamata mmoja mmoja akikimbia, namtumbukiza. Siku ya kwanza nilipata arobaini na tatu. Juzi kumi na tisa. Jana saba. Jirani ananichungulia juu ya ukuta na kuuliza kama naivua miti chawa. Nimemwambia kila mtu na uvuvi wake.

Ajabu ni kwamba wadudu wanapungua lakini miti haipati nafuu. Mingine naona imezidi. Nikadhani ni njaa, nikaipa mbolea, ile ya chumvichumvi ya bustani. Nikarudia. Labda sikupaswa kurudia.

Kifurushi nimekituma leo. Kichupa nilichopata ni kidogo lakini kinatosha.

Shemeji, niseme ukweli, naogopa. Asubuhi nikifungua mlango wa uani huwa nasimama kwanza na kuushika mlango. Mke wangu hakuniachia mtoto. Aliniachia hiyo sita.

Fundi Saa


27 Februari

Shemeji mpenzi,

Barua hii naiandika kwa shida, kwa hiyo itakuwa fupi.

Kifurushi bado hakijafika, lakini majibu yako yanatosha kunitia hofu. Manjano ya sare, miti yote kwa pamoja, hakuna pamba, hakuna kunata. Hiyo sio kazi ya mdudu. Mdudu huanzia mahali. Ugonjwa unaopiga yote sawasawa huwa unatoka chini, kwenye mizizi.

Ng'oa mmoja, ule mfupi kuliko yote. Mizizi yake ikiwa myeusi, laini, na inanuka kama maji ya vyombo yaliyolala, basi hakuna dawa. Itabidi yote sita ing'olewe na kuchomwa, ili ardhi isibaki na ugonjwa. Nitakuletea mingine siku moja, ingawa najua mingine sio hiyo.

Nisingemwambia mtu afanye hivi bila kuona kwa macho yangu. Ila nimeona kwa macho yako, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuyapinga.

Pole sana.
Bibi Miti


2 Machi

SHEMEJI, USING'OE.

Nimepanda kilima mara tatu leo kukupigia, simu yako inaita tu haipokelewi. Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, ameahidi kupita kwako akiwa njiani. Kama tayari una jembe mkononi, liweke chini usome.

Kifurushi kimefika. Nimekifungua juu ya meza yangu ya kazi, taa mbili zikiwaka. Vijiti vya mti wa kwanza ni vya kijani. Vya pili ni vya kijani. Vya tano na sita ni vya kijani hivyo hivyo, kijani cha kuvutia, nikamwita mwenzangu wa maabara naye akasema ni vya kijani. Vya tatu na vya nne ndivyo vyenye manjano, tena kwenye ncha tu, na pale sindano zinapotokea vimejaa pamba. Nyeupe, tele, hata mtu aliyesimama mlangoni angeiona. Wewe umeandika hakuna.

Kisha nikafungua kichupa. Shemeji, kaa chini. Ndani kuna wadudu thelathini na mmoja na hakuna kidukari hata mmoja. Wote ni watoto wa yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye watoto wa shule humwacha atembee kwenye kiganja. Kabla hajaota mgongo wake mwekundu huwa ni mweusi na mrefu, kama mamba aliyepunguzwa akawa punje ya mchele. Chakula chake ni vidukari. Yeye ndiye aliyekuwa anailinda miti ya dada. Umekuwa ukiamka kila asubuhi kuua askari na kuwaacha wezi wamelala shukani.

Nilikaa na kichupa kile muda mrefu nikijiuliza, fundi saa mzima, jicho lile, atakosaje pamba na kukamata askari? Halafu nikaelewa. Umewakamata wale kwa sababu wanakimbia. Ndio peke yao unaowaona. Kisichotembea, shemeji, hukioni.

Na kichupa chenyewe ni cha dawa ya macho. Lebo umeikwangua, lakini umeikwangua nusu.

Nimezitoa barua zako zote na kuzipanga mezani. Herufi zinakua kutoka moja hadi nyingine. Dunia yako yote imekuwa ya manjano, sio miti peke yake. Sikiliza, nimemwuliza daktari wa zahanati yetu bila kukutaja. Anasema kwa mtu wa umri wako, ukungu na manjano ya namna hiyo mara nyingi ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa, mtu akaona tena. Mficha maradhi kifo humfichua. Wewe unataka kifo kianzie kwenye misonobari?

Nami nina kosa langu. Nilitoa hukumu kwa sifa ya jicho lako badala ya kusubiri kijiti. Hilo nimemwonya kila mwanafunzi niliyepata kumfundisha.

Using'oe hata mmoja.
Bibi Miti


7 Machi

Bibi Miti,

Dereva wako amefika leo Jumamosi. Nilikuwa nimeng'oa mmoja jana.

Ule mfupi, kama ulivyoagiza. Niliulaza kwenye gunia nikauchunguza mizizi. Kuiona vizuri sikuiona, lakini nikaipitisha vidoleni. Ilikuwa imekaza, inateleza kwa uhai, na ilipokatika ilinukia utomvu, sio maji ya vyombo. Vidole vyangu vikakataa barua yako. Nikasimama pale na mti mkononi kama mtu aliyebeba mtoto wa watu na hajui nyumba gani amrudishe. Mwishoni niliurudisha kwenye shimo lake, nikaumwagia maji, nikaomba samahani kwa sauti. Jirani alisikia. Leo ndipo lori limekuja.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza kuhusu miti. Macho yangu sikukuuliza. Mtu mzima hapangiwi barua zake mezani na kupimwa herufi kama mkojo.

Jumatatu, tarehe 9. Barua hii imelala mezani siku mbili. Nilitaka kuichana, lakini hasira imeisha na karatasi bado ninayo, kwa hiyo naendelea.

Ni kweli. Lilianza jicho la kulia, mwaka jana, kisha la kushoto likafuata. Taa zimeota ndevu za mwanga. Tangu mwezi wa kumi nawaambia wateja kwamba vipuri havijafika. Vipuri vimejaa droo, shemeji. Siwezi kuviokota. Saa za watu zimelala pale mbele yangu zote zimesimama, mimi nakaa katikati yao na lenzi jichoni, ili mtu akipita nje aone fundi yuko kazini. Zile dawa za matone nilijinunulia mwenyewe. Mganga hajigangi, lakini nilijaribu.

Barua zako ananisomea jirani. Ndiyo. Naye huongeza maneno yake, mpaka sijui wewe umeishia wapi. Ile ya mizizi aliisoma, kisha akasema, "Shemeji yako amekosea, lakini mimi ni fundi wa nguo, nitajua nini." Ile ya askari aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Umesikia. Daktari wa macho yupo Alhamisi." Kumbe alikuwa anajua tangu nilipomlipa kwa kifungo cha shati nikidhani ni sarafu.

Kinachoniuma sana ni wale arobaini na tatu. Nilikuwa najisifu.

Naogopa kisu jichoni. Sijawahi kumwambia mtu kwamba naogopa kitu mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Miti inaponaje?
Fundi Saa


15 Machi

Shemeji mpenzi,

Inapona hivi, na jirani akusomee taratibu bila nyongeza.

Mti wa tatu na wa nne, kata zile ncha zilizojaa pamba kabisa, zitie kwenye mfuko, ufunge, usizitupe chini ya mti. Kisha pigia matawi maji kwa mpira, asubuhi, kutoka chini kwenda juu, mpaka pamba ilegee. Halafu chukua ndoo ya maji, kwangulia sabuni ya mche kidogo, ile ya kawaida, sio ya unga, na kitambaa laini. Futa kijiti kwa kijiti pale pamba inapokaa. Suuza. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na usikose wiki. Mingine minne ifute pia, hata kama haina kitu. Mbolea basi, usiipe hata chembe. Umekuwa ukiwanenepesha wezi, wanapenda sana chipukizi laini la mbolea. Weka majani makavu chini ili udongo usikauke. Ule ulioung'oa ujengee kivuli cha gunia na uunyweshe kila jioni. Ukimwona mweusi anayekimbia, mwamkie kwa heshima, umpishe.

Huhitaji macho kwa kazi hii. Ile pamba vidole vyako vitaijua.

Sasa lingine. Naomba jirani atoke nje kwa aya hii, ingawa najua hatatoka.

Nilikuandikia kwamba kazi imenibana. Haijanibana. Nina likizo ya miezi miwili niliyoilimbikiza. Sijaja kwako tangu mazishi kwa sababu ile pamba naijua, ilitoka kwangu. Siku nilipochagua miche sita kitaluni, miwili ilikuwa nayo shingoni, kidogo sana, kama vumbi la chaki. Sheria yetu ni kuchoma trei nzima. Lakini dada alikuwa ameniambia anataka kupanda wiki ile ile akiwa bado ana nguvu, na miche mingine safi ingechukua miezi. Niliifuta kwa kidole gumba nikapakia kwenye gari. Nilijiambia nitarudi kuiangalia. Nikarudi kumuuguza, kisha kumzika.

Tangu hapo kila nikifikiria kuja, naona nafungua geti na kukuta imekauka, na wewe umesimama pale hujui kwamba muuaji ndiye huyo uliyemkaribisha. Ulipoandika wadudu ni weusi wanaokimbia, na pamba hakuna, nilifurahi, Mungu anisamehe. Ndiyo maana nikaamini haraka.

Zawadi yangu ya mwisho kwake nilimpa na ugonjwa ndani yake. Hilo ndilo nililolificha. Nimemaliza.

Nenda kwa daktari.
Bibi Miti


9 Aprili

Kwa Bibi Miti,

Mwandiko huu ni wangu mimi jirani, fundi cherehani. Maneno ni yake, amelala kochini amefungwa jicho la kulia kama mwizi wa baharini, na anazungumza kwa kasi ambayo cherehani yangu haiiwezi.

Anasema: Shemeji, wamemtoa mtoto wa jicho. Haikuuma. Nilijiandaa kuvumilia maumivu ya kiume, nikaambiwa nimeshamaliza niinuke. Dakika ishirini. Nimetengeneza saa za mkononi zilizonichukua zaidi ya hapo. Wa kushoto watamtoa mwezi wa sita. Hadi kitambaa kitolewe kesho sijui naona nini, lakini daktari anaongea kwa sauti ya mtu aliyefurahishwa na kazi yake, na sauti hiyo naijua.

Anasema: Miti nimeifuta mara tatu kwa mikono yangu, na leo jirani ameifuta akiwa ananung'unika. Ile pamba nimeijua kweli. Ni laini, inasagika kama chaki, na kwenye mti wa nne imepungua. Ule wa kung'olewa bado una kivuli chake. Sindano zake nyingi zimeanguka. Hatujui.

Anasema: Ile aya uliyomwomba jirani atoke, hakutoka. Kuhusu hiyo nitakujibu kwa mwandiko wangu mwenyewe, sio kwa mkono wa mtu. Unisubiri. Usidhani kimya changu ni hasira.

Hapo amemaliza, sasa naongea mimi. Dada, ile aya yako niliisoma bila kuongeza neno, na mimi sio mtu wa kuacha kuongeza. Kuna jambo ninalolijua, nimemweleza yeye, naye ameniapisha nimwachie aliseme mwenyewe akishaona. Nimekubali kwa shida kubwa. Wewe kula, lala, na acha kujiita majina.

Jirani


12 Agosti

Shemeji,

Mwandiko wangu huo. Kama unakushinda, azima lenzi.

Nina macho mawili. Dunia haina manjano, na kuta za sebule yangu kumbe ni nyeupe, nilikuwa nimeshazizoea zikiwa rangi ya chai. Saa thelathini na nne zimeondoka dukani zikitembea. Mzee mmoja aliniuliza vipuri hatimaye vimefika? Nikamwambia vimefika, viwili, kutoka hospitali.

Sasa nikujibu, nimekuweka muda mrefu na najua umekuwa ukiteseka.

Kila Ijumaa asubuhi, tangu miti ile ipandwe, dada yako alikuwa akiiogesha. Hilo neno ni langu, nilikuwa namtania. Alichukua ndoo ya bluu, maji, kipande cha sabuni ya mche na kitambaa, akafuta kijiti kwa kijiti. Miguu ilipokataa akakaa kwenye kigoda na kukisogeza kutoka mti hadi mti. Nilimwuliza kwa nini anaiogesha kama watoto wanaokwenda kusalimia bibi yao. Akasema ni vumbi la barabara. Nikaamini. Barabara yetu ina vumbi. Aliposhindwa kabisa, hakuna aliyeendelea, na mimi nikaiweka ndoo mahali pake nikadhani naheshimu.

Nilipofika kwenye barua yako, pale unaposema ndoo, sabuni ya mche, kitambaa laini, mara moja kwa wiki, nilimwambia jirani asome tena. Akasoma tena. Kisha akasoma ile aya nyingine, akaiweka barua magotini. Halafu akaniambia.

Vitambaa vile yeye ndiye aliyemkatia dada yako, flaneli, wiki ya pili baada ya kupanda. Jirani alidhani vya kufutia meza. Dada yako akamwambia hapana, ni vya miti, mdogo wangu ameniletea miche na wageni wake. Jirani akauliza kwa nini usimwambie aje awatoe. Haya ndiyo maneno ya dada yako, jirani ameapa kwamba hajaongeza hata moja: "Nikimwambia ataacha kuniangalia mimi, atakuwa anaiangalia miti. Nataka aniangalie mimi." Kisha akaomba vitambaa viwe viwili. Kimoja chake. Kingine cha mdogo wake, siku atakapogundua mwenyewe, kwa sababu anamjua, atakuja mbio na kutaka kufuta yeye, naye hataki kugombania kitambaa na mtu katika hali ile.

Alijua, shemeji. Alijua tangu wiki ya pili, akaipenda miti hivyo hivyo. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu, mwenye jicho la sifa.

Habari za miti. Pamba imekwisha kwenye mti wa tatu, na kwenye wa nne imebaki kidogo kwenye tawi moja. Hiyo nimeiacha. Ina askari wanne juu yake, nimewatazama kwa lenzi wakila, wana adabu mbaya ya mezani na nimewaomba radhi kwa ndugu zao arobaini na tatu. Ule niliong'oa ulibaki fimbo tupu hadi mwezi wa saba, nikawa nauficha nyuma ya gunia nisiuone. Wiki iliyopita nimeona ncha yake imetoa chipukizi, refu kama kucha ya kidole kidogo, la kijani. Nimelipima mara mbili kwa rula ya dukani. Ni la kijani.

Na ule wa pembeni umepita ukuta. Vidole vitatu. Nilitoka nje barabarani kuhakikisha, nikasimama ng'ambo kama mpita njia, na nikakiona kichwa chake kikichungulia magari. Nililia pale pale, mchana, na jirani aliyaona yote kutoka dirishani.

Kitambaa kimoja kimechakaa, kina matundu, ndicho ninachotumia. Cha pili bado kimekunjwa ndani ya ndoo. Hakijawahi kulowa.

Likizo yako iko pale pale. Fika Alhamisi, tuanze Ijumaa asubuhi kabla ya jua kali.

Shemeji yako,
Fundi Saa